Ukipanda kwenda kwenye mabaki ya ndege mlimani, nenda kama mtu anayeenda makaburini

Mara ya kwanza kwenda kuona mabaki ya ndege ya zamani mlimani tulikuwa watatu, na tulichokuwa nacho ni namba za GPS na picha za mtandaoni basi. Tulifika tukapiga kelele za furaha maana tulikuwa tumetembea masaa manne kwenye matope, mwenzetu mmoja akapanda juu ya injini akanyoosha mikono tukampiga picha, alafu mimi nikaokota kipande cha bati la ndege, kidogo tu kama kiganja, kina ribiti sita pembeni, nikatia mfukoni. Nyumbani nikakiosha kwenye sinki. Chini ya tope kulikuwa na rangi ya kijani iliyobabuka na namba zimegongwa kwenye chuma, usiku uleule nikaanza kuzitafuta, namba zikanipa aina ya ndege, aina ikanipa tarehe, tarehe ikanipa orodha ya watu waliokufa pale, jina, cheo, umri. Mdogo wao alikuwa na miaka 19. Kile kipande kilikaa mezani wiki nzima, kukitazama siwezi na kukitupa siwezi.

Msimu uliofuata nikakirudisha, na hapo ndo nikajua kwamba kitu cha hivyo hakirudishiki, maana sikukumbuka nilikiokota upande gani wa korongo. Nilikilaza tu mahali panapofanana. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyajifunza baada ya kuharibu, we soma kabla hujapanda.

Hatua ya 1: tafuta majina kabla hujatafuta njia

Kila mtu anaanza na swali la njia, inaanzia wapi, masaa mangapi, gari unaacha wapi. Hiyo weka pembeni kwanza. Kaa chini utafute ndege ilikuwa ya nani, ilitoka wapi kwenda wapi, siku gani, na ndani walikuwemo kina nani. Kama ni ndege ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola, ile tume inayotunza makaburi ya vita, Commonwealth War Graves Commission, ina daftari lake mtandaoni, unaingiza jina au tarehe ya kifo unaona mtu kazikwa wapi, na mara nyingi umri wake na majina ya wazazi wake. Makumbusho ndogondogo za maeneo ya milimani nazo huwa hazikosi mtu mmoja, kwa kawaida mzee mkali kidogo, anayejua kila ndege iliyoanguka kwenye eneo lake. Mpigie simu, msalimie vizuri, usianze na "naomba location". Atakupa mambo ambayo mtandao hauna.

Na kuna swali moja usilisahau: miili ilishushwa, au bado iko kule juu? Maana hapa ndo watu wanachanganya. Tarehe 13 Aprili 1941 ndege aina ya Anson, namba N9857, iliruka kutoka Kinloss kule Scotland ikapotelea kwenye theluji, ikaja kuonekana mwishoni mwa Mei juu ya mlima Ben More Assynt. Watu sita. Kuwabeba kuwashusha kwenye milima ile kulionekana hakuwezekani, wakazikwa palepale walipoangukia, na mpaka leo wako pale. Yaani ukifika umesimama makaburini, makaburi ya kweli kabisa, ila hayana ukuta wala geti. Sehemu nyingine miili ilishushwa ikazikwa kwingine, kilichobaki ni chuma. Mi binafsi naziheshimu zote sawa, ila unatakiwa ujue mguu wako unakanyaga nini.

Ukishayapata majina yaandike kwa peni kwenye karatasi, sio kwenye simu, simu kwenye baridi chaji inakata ghafla kama mshumaa kwenye upepo. Alafu jifunze kuyatamka. Kama ni majina ya Kipolandi au ya Kicheki, na vita vya pili vya dunia vilikuwa na marubani wengi wa huko, tafuta mtu akusomee usikie. Kule Superga, kilima kilicho juu ya mji wa Turin, ndege iliyobeba timu ya mpira ya Torino iligonga ukuta wa nyuma wa basilika tarehe 4 Mei 1949, watu 31 hakupona hata mmoja, na kila mwaka tarehe hiyo nahodha wa timu anapanda pale anasoma majina yao kwa sauti mbele ya mashabiki. Wala hawahutubii sana. Ni majina tu, na watu wanalia.

Hatua ya 2: elewa kwanini ilianguka, uache kuropoka

Ukienda na kundi hakosekani mmoja wa kusema "sasa huyu rubani mlima wote huu hakuuona?" Hakuuona, ndio. Sehemu kubwa ya hizi ndege za zamani zilizoko milimani hazikuharibika hewani wala hazikutunguliwa, ndege ilikuwa nzima, injini zinanguruma vizuri, watu hawana tatizo, ikaingia mlimani ndani ya wingu bila hata mtu kupata sekunde ya kushtuka.

Fikiria kazi yenyewe ilivyokuwa. Huna GPS, rada ya kukuongoza hamna au iko mbali, mwongoza njia ana dira, saa, penseli na ramani, anapiga hesabu kwamba kwa spidi hii na muda huu basi tutakuwa hapa. Upepo anaukadiria. Sasa upepo wa noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa, ambao hukuuhesabu ukikusukuma lisaa limoja tu, unakutoa kwenye njia maili 30 za baharini, karibu kilomita 55, na wewe kwenye ramani bado umejiweka palepale. Ongeza na kile kipimo cha urefu: kinapima mgandamizo wa hewa, hakipimi ardhi iko wapi. Ukitoka kwenye hewa nzito ukaingia kwenye hewa nyepesi bila kukirekebisha, kila hektopaskali moja (ndo kizio cha kupimia mgandamizo wa hewa) inakudanganya karibu futi 30, kwa hiyo tofauti ya hektopaskali 20, ambayo ni kitu cha kawaida hali ya hewa ikichafuka, inakufanya uamini uko juu kwa futi kama 600 kuliko ulipo. Mita 180 hivi. Kuna milima mingi sana ambayo hizo mita 180 ndo tofauti ya kupita na kutopita. Rubani anashuka kidogo achungulie chini ya wingu ajue yuko wapi, anaamini chini ni tambarare au bahari. Basi.

Mlima Bleaklow kule Uingereza ni hivyohivyo. Ndege kubwa ya jeshi aina ya B-29, ya Wamarekani, jina lake Over Exposed, ndege ya kupiga picha, ndo ilikuwemo kwenye kazi ya kupiga picha majaribio ya bomu la atomiki kule kisiwa cha Bikini mwaka 1946. Imetoka salama huko kote, alafu tarehe 3 Novemba 1948 ikawa na kisafari kifupi tu kutoka Scampton kwenda Burtonwood, ikashuka ndani ya wingu ikakuta jangwa la nyasi na matope lenye urefu wa mita 600 na kitu. Watu 13.

Na ile ndege ya abiria Star Dust, kwenye milima ya Andes kule Amerika Kusini, iliyopotea tarehe 2 Agosti 1947 ikitoka Buenos Aires kwenda Santiago na watu 11, maelezo yanayokubalika ni kwamba walikuwa wanapambana na upepo mkali wa juu sana ambao enzi hizo haukujulikana vizuri, wakadhani wameshavuka milima kumbe bado, wakaanza kushuka wakaingia mlima Tupungato. Zaidi ya miaka 50 watu walikuwa wanatunga hadithi kuhusu ile ndege, mpaka za watu wa sayari nyingine, kumbe ilikuwa imezikwa kwenye barafu.

Ukishaelewa haya utanyamaza mwenyewe ukifika.

Hatua ya 3: sheria na ruhusa

Hapa watu wanakosea kwa kudhani kitu kilichotupwa porini hakina mwenyewe. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986, Protection of Military Remains Act, inayolinda kila ndege iliyoanguka ikiwa kwenye kazi ya jeshi, ya vita au ya mazoezi, ya jeshi lao au la nchi nyingine, iwe ilianguka kabla ya sheria au baada. Kuichokoa, kuisogeza, kuifukua au kuondoa kitu bila leseni ya wizara ya ulinzi ni kosa. Na wakihisi kuna mabaki ya binadamu au mabomu leseni kwa kawaida hawatoi. Kutazama unaruhusiwa, kama njia ya kufika pale ni halali. Kile kipande changu mfukoni kingekuwa kesi, yaani.

Sehemu nyingine hata kuingia huruhusiwi. Kwenye mlima Erebus kule Antaktika, ilipoanguka DC-10 ya Air New Zealand tarehe 28 Novemba 1979 na watu 257, eneo la ajali limewekwa chini ya ulinzi maalum wa mkataba wa Antaktika kama kaburi, huingii bila kibali. Kwa hiyo popote unapotaka kwenda uliza watu watatu: mwenye ardhi au hifadhi, polisi wa eneo, na hao wazee wa makumbusho niliowataja. Mashine ya kutafutia vyuma ardhini acha nyumbani, hata kama hutaki kuchimba. Ukionekana nayo pale hakuna atakayekuamini.

Hatua ya 4: jiandae na mlima

Hii sitaivuta sana, mambo ya buti na koti la mvua unayajua. Ila kumbuka ndege ilianguka pale kwa sababu pale panavuta mawingu. Hali ya hewa iliyowamaliza wao haijahama. Kila mita 1000 unazopanda joto linashuka wastani wa nyuzi 6 na nusu, kabla hujaweka upepo, na mabaki mengi hayako kwenye njia rasmi, unaacha njia unakatiza kwenye mabonde yanayofanana yote. Beba ramani ya karatasi na dira na ujue kuzitumia, mwachie mtu ujumbe unaenda wapi na unarudi saa ngapi, beba filimbi. Ishara ya kuomba msaada ni kupuliza mara sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia, na ukisikia majibu ya mara tatu jua wamekusikia.

Nikwambie tu, hata waokoaji wenyewe walijifunza kwa uchungu. Zile timu za uokoaji milimani za jeshi la anga la Uingereza zilianzishwa rasmi 1943 kwa sababu ya ndege hizihizi, lakini ndege ya jeshi aina ya Lancaster ilipogonga mlima Beinn Eighe kule Scotland usiku mmoja wa Machi 1951 na watu wanane, mahali ilipokwama palikuwa pabaya mno, theluji na miamba, mwili wa mwisho ulitoka Agosti. Baada ya hapo mafunzo yao ya kupanda kwenye barafu yakabadilika kabisa. Sasa we na buti zako za sokoni.

Hatua ya 5: ukifika, simama

Kabla hujagusa eneo lenyewe, simama mbali kidogo, hatua 20 au 30, kaa hapo dakika chache. Kunywa maji hapo, kula hapo, maliza mazungumzo na utani wenu hapo. Mwenye spika ya bluetooth azime, na mi naona asingeibeba tangu mwanzo.

Alafu tazama lilivyokaa. Ndege ikigonga haiangukii sehemu moja, inajimwaga. Vitu vizito kama injini na miguu ya kutua vinatangulia mbele au vinaporomoka korongoni, mabati mepesi yanabaki nyuma, na mara nyingi ukisoma ule mstari unaweza kuona ilikuwa inatoka upande gani. Pale Bleaklow utaona injini, zile kubwa za duara zenye silinda 18, zimelala kwenye tope jeusi, na katikati ya vyuma pamebaki vipara ambavyo majani yameshindwa kuota. Kuna mirija ya alumini imejikunja kama karatasi iliyofinyangwa. Kwa macho ya haraka ni takataka. Ukikaa dakika kumi unaanza kuona: hiki ni kifuniko, hii ni fremu ya dirisha. Dirishani alikuwa amekaa mtu.

Tembea pembeni mwa mabaki, kanyaga mawe na sio majani mabichi wala vyuma. Usipande juu ya kitu. Usikalie tairi. Watoto waruhusu waulize maswali yote, watoto wanauliza vizuri kuliko wakubwa, ila waambie mapema kwamba mahali hapa watu walikufa na hatuchezi na vitu vyao. Nimeona mtoto wa miaka kama saba akimkemea baba yake aliyetaka kukaa kwenye bawa.

Hatua ya 6: usiguse, na sababu sio heshima peke yake

Ndege za vita zilibeba risasi na mabomu, na risasi iliyolala kwenye tope miaka 80 haijawa mpole, baruti na viwashio vinaoza vikazidi kuwa vya hatari. Ukiona kitu chenye umbo la risasi, mzinga au chupa ya chuma usiyoielewa, acha, rudi kwa njia uliyojia, chukua namba za GPS, piga simu polisi. Usikisogeze "ili wengine wasiumie".

Kingine ambacho wengi hawakijui ni zile saa na vipimo vya rubani. Zamani walivipaka rangi inayong'aa gizani yenye rediamu, madini ya mionzi. Sasa hivi rangi haing'ai tena, imechoka, kwa hiyo mtu anaona ni kisahani tu cha zamani kizuri cha kuweka kabatini, lakini rediamu yenyewe inachukua miaka 1600 kupungua nusu. Unga wake ukikuingia kwa pumzi au kwa mdomo umejiletea shida. Kuna na asbesto kwenye baadhi ya vifaa, na kwenye ndege za karibuni zilizoungua zile nyuzi za kaboni zinakuwa kama sindano ndogo sana, zinaingia kwenye ngozi na mapafu. Na mabati yenyewe yanakata kama wembe, mi nina alama kwenye kidole cha shahada.

Hatua ya 7: ukikuta mfupa, pete, barua

Hili litokee au lisitokee, uwe umeshaamua mapema utafanya nini, maana ukilikuta pale akili inaruka. Mfupa, kiatu chenye kitu ndani, kipande cha nguo: usiguse, usipige picha ya kuposti, piga picha moja tu ya kuonyesha mahali kilipo kwa ajili ya polisi, chukua namba za GPS, shuka ukaripoti siku hiyohiyo. Vitu binafsi, pete, saa, kitambulisho, vile vile kwa polisi au walinzi wa hifadhi.

Watu wanadhani hii haitokei tena. Inatokea sana kwenye mito ya barafu, kwa sababu barafu inatembea, inameza ndege juu na miaka mingi baadaye inatapika chini. Ile Star Dust ilianza kutokeza mwaka 1998, wapandaji wakaona injini na vipande vya nguo, mwaka 2000 jeshi la Argentina likapanda kukusanya, na baadhi ya waliokuwemo wakatambuliwa kwa vinasaba, wakiwa na ndugu waliokuwa bado hai. Alaska nayo ndege ya jeshi aina ya Globemaster ilipotea Novemba 1952 na watu 52, ikaonekana 2012 imetokea kwenye barafu ya Colony, na toka hapo jeshi limekuwa likirudi kila kiangazi kutafuta mabaki ya watu wao.

Na hii ya Mont Blanc naipenda kuisimulia. Mwaka 2013 kijana mpanda milima alikuta kiboksi cha chuma kwenye barafu ya Bossons, ndani vito, zumaridi na yakuti, vifuko kwa vifuko. Inaaminika vilitoka kwenye Boeing ya Air India iliyogonga mlima ule tarehe 24 Januari 1966 na kuua watu 117. Hakuna aliyemwona. Akashuka navyo akavikabidhi polisi. Wenyewe wakatafutwa hawakupatikana, na mwishoni mwa 2021 vikagawanywa nusu kwake nusu kwa mji wa Chamonix, mafungu yote mawili pamoja kama yuro 300,000. Mwaka 2013 yeye hakujua kama atapata hata senti.

Pale Bleaklow pia, miaka mingi baada ya ajali, mkazi wa eneo lile aliona pete ya ndoa kwenye tope. Ilikuwa ya nahodha. Hakuiuza kwa wakusanyaji, aliitafutia njia mpaka ikamfikia binti wa marehemu. Ingekuwa mfukoni kwa mtu kama mimi wa siku ile ya kwanza, yule binti asingeishika kamwe.

Hatua ya 8: usiache kitu

Hapa najua wengine tutagombana. Unataka kuacha shada la maua, msalaba, bendera, picha iliyowekwa kwenye plastiki. Nia nzuri. Ila mlimani hakuna wa kufagia, yale maua ya plastiki mekundu ya poppy, ya kukumbuka waliokufa vitani, upepo unayatawanya, kondoo anameza, baada ya miaka miwili pale panafanana na jalala la sikukuu. Ukitaka kuacha kitu basi kiwe cha kuoza chenyewe, na kidogo. Ukikuta shada la zamani limeoza limebaki waya na plastiki, hapo busara itumike, kama eneo lina watu wanaolitunza waambie wao, usijipe kazi ya kufagia kaburi la wengine.

Usijenge rundo jipya la mawe na usiongeze jiwe kwenye lililopo, mawe mengine unayong'oa yamefunika kitu. Minara ya kumbukumbu ijengwe na wenye dhamana. Kule Ben More Assynt rundo la mawe lililokuwa juu ya kaburi lilikuwa linabomoka na hali ya hewa, basi mwaka 2013 tume ya makaburi ya vita ikapeleka jiwe la granaiti la karibu kilo 600 lenye majina yote sita, likabebwa na helikopta ya Chinook. Hiyo ndo kazi ya kudumu. Vijiwe vyako vitano wala havihitajiki.

Kuna ubishi wa siku zote kwamba mabaki yahamishiwe makumbusho au yaachwe. Mlima Great Carrs kule Lake District, Uingereza, ilipoanguka ndege ya vita Halifax LL505 tarehe 22 Oktoba 1944 na watu wanane, saba Wakanada na mmoja Mskoti, juu mlimani umebaki mguu wa ndege na msalaba, na injini moja iko chini Coniston kwenye makumbusho ya Ruskin. Mi naona pale wamepatia, maana mzee au mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuiona ile injini akajua habari zao. Ninachopinga ni kitu kuishia kwenye sebule ya mtu, kikiwa kimeachana na majina yake.

Hatua ya 9: picha na kuposti

Piga picha, sikatai, picha zimesaidia sana kujua mabaki yanavyopungua mwaka hadi mwaka, yaani yanavyoibiwa. Ila weka namba ya GPS kwako. Sehemu ambazo hazijulikani sana, ukiweka location tu, mwezi ujao zimeshavunwa. Selfi ya kucheka usipige pale. Droni iulizie ruhusa, na kama kuna mtu mwingine eneo lile usirushe kabisa, huwezi kujua kama ni ndugu. Kwenye maelezo ya picha weka tarehe ya ajali na majina yote, sio "nimeikuta ndege ya maajabu". Wajukuu wanatafuta majina ya babu zao mtandaoni usiku, na wanayoyakuta ni haya tunayoandika sisi.

Hatua ya 10: kukumbuka kwenyewe

Siku ya kwenda, kama unaweza, iwe tarehe ya ajali au siku za karibu, hali ya hewa ikikataa rudi nyuma bila aibu. Mkitaka kufanya shughuli ya watu wengi, ongeeni na mwenye ardhi mapema, na mtafute familia kupitia makumbusho au jeshi lao, msiwavamie moja kwa moja inbox. Muwaulize wanataka nini. Wengine hawataki chochote, hiyo nayo muipokee. Kwa wazee wasioweza kupanda fanyeni sehemu ya shughuli chini barabarani, mlima ukiwa unaonekana.

Pale Fairy Lochs karibu na Gairloch, Scotland, ilipoanguka ndege ya vita Liberator tarehe 13 Juni 1945, ndani kulikuwa na Wamarekani 15, vita vya Ulaya vimeisha mwezi mmoja na siku kadhaa, watu wanarudi makwao. Kuna kibao kwenye mwamba chenye majina yote 15, kinaomba mabaki yaachwe yalivyo. Propela iko pale imejikunja, vipande vingine vimezama kwenye kiziwa. Mahali kama hapo huna cha kuongeza. Vua kofia, toa karatasi yako, soma jina moja moja kwa sauti ya kawaida, taratibu, ukikosea kutamka rudia. Watu 15 wanachukua kama dakika moja na nusu. Alafu kaa kimya kwa muda unaoona unatosha, na ukianza kutetemeka kwa baridi ondoka.

Karatasi usiichomeke chini ya jiwe, mvua itaigeuza uji. Rudi nayo mfukoni.